Simama Kama Gunia

Kama uko na neno mbaya juu ya Karani, lipeleke kwa mtu mwingine. Mimi usiniletee. Kuna kijana aliniambia juzi pale Kitale ati yule mzee wa mizani alikuwa mtu wa roho ngumu. Sikumaliza chai yangu. Nilisimama hapo hapo tukashikana mashati mpaka mwenye hoteli akatutoa nje na mwiko. Lakini ukweli ni kwamba hakuna mtu aliwahi kumtusi Karani kuliko mimi. Mimi ndiye nilimwita muuaji mbele ya watu, lori nane za mahindi zikiwa zinangoja kwa foleni. Miaka saba sikumsalimia. Kwa hivyo ukisikia nikimtetea, jua kuna kitu nalipa.

Jina lake silisemi. Sisi wote tulimwita Karani, na hata bibi yake akimletea chakula alikuwa anauliza kwa mlango, "Karani ako?"

Alikuwa anapima mahindi kwa depo moja ya Kitale, mwisho wa miaka ya themanini. Sisi tulikuwa vijana wanne wa kubeba magunia. Kulikuwa na Wafula wa Matulo, Kiprop wa huko juu Endebess, Juma mtoto wa mjini karibu na msikiti, na mimi, mwenye waliniita Redio kwa sababu hakuna mtu alijua mahali pa kunizimia. Shule niliacha darasa la sita. Yenye najua nimeisoma kwa magazeti ya kufungia nyama, na ingine nimeisoma kwa Karani, na sidhani alijua ananifundisha.

Wacha nikuambie vile alikuwa anafanya kazi, kwa sababu usipojua hiyo hutamjua. Msimu wa mavuno lori zinapanga foleni mpaka barabarani. Kila mtu ana haraka, isipokuwa yeye. Anadunga gunia na kile chuma chake chenye mfereji, punje zinateremka kwa kiganja, anachagua moja, anaiweka kwa jino la nyuma. Ikilia 'ka!', imekauka. Ikinyamaza, iko na maji. Hapo mwenye lori anaanza kubembeleza.

"Karani, si ni gunia moja tu."

"Gunia moja likiwa na maji, lori yote inarudi."

Na inarudi kweli. Nimeona mtu mkubwa, mtu wa koti na kofia, akirudishwa Moi's Bridge na lori imejaa vile ilikuja, na Karani ashaanza kuuma punje ya mwingine. Wengine walikuja na kuku. Kuku ilikuwa inafungwa kwa mguu wa mizani mpaka jioni, halafu anaita mwenyewe, "Wewe, umesahau kuku yako."

Sasa huyu ndiye alitufundisha mbio, na kwa mbio hakujua chochote. Alikuwa na tumbo, miguu bapa, na kofia ya sufu rangi ya matope yenye alivaa hata jua likiwaka. Sijawahi kumwona akikimbia hata hatua moja. Mvua ikianza sisi wote tunaruka ndani, yeye anatembea vile vile, anafika ameloa, anasema, "Mmenishinda nini?"

Ilianza na Kiprop, kwa sababu Kiprop alikuwa anakuja kazi akikimbia. Siku moja tangazo likabandikwa kwa mti wa nyaya za stima, ati kutakuwa na marathoni kutoka Kiminini mpaka Matulo, kilomita arobaini na mbili, zawadi ni blanketi na sufuria. Nikasema hata mimi naweza. Kiprop akacheka. Hiyo kicheko yake, bana, nilitaka kumpiga na gunia tupu. Juma akasema kama Redio anaenda yeye pia anaenda, ili aone vile nitazimia.

Wafula alikuwa amekaa kwa magunia. Halafu akasema, "Hiyo inaishia kwetu. Uwanja wa ile shule walinifukuza. Mayi atakuwa hapo."

Mayi ni mama yake. Pale Matulo watu walikuwa wamemwambia huyo mama kwamba kijana wake ameenda Kitale kuwa punda. Wafula alitaka kitu kimoja tu, mama yake amwone akiingia kwa huo uwanja na miguu yake mwenyewe, watu wakiangalia. Blanketi tungechukua sisi.

Karani alikuwa anasikia yote kutoka kwa mizani. Akasema, "Pandeni."

"Tupande wapi?"

"Mizani. Mmoja mmoja. Vueni viatu."

Basi kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Kabla ya kukimbia tunapanda ile mizani ya chuma, tukirudi tunapanda tena. Ukitikisika anakuambia, "Simama kama gunia." Anasukuma kale ka chuma pole pole, peke yake ndiye anaona namba, halafu anaisoma kwa sauti kama mtu wa mnada na kuiandika na chaki nyuma ya mlango wa stoo. Juma sitini na moja. Kiprop hamsini na nane. Wafula sitini na sita. Redio sitini na nane, na mdomo juu. Yenye tumepoteza njiani ni maji, alikuwa anasema, na tulikuwa tunayarudisha na uji wa bibi yake, kikombe kwa kikombe, mpaka kila mtu arudi kilo zake.

Mimi nilikuwa naona ni ujinga. Nani anapima watu kama mahindi? Mpaka siku ile mimi na Juma tulichoka njia ya Moi's Bridge, tukadandia trela ya trakta yenye ilikuwa inarudi Kitale. Tulishuka karibu na mji, tukajimwagia maji ya mtaro kwa kichwa, tukaingia depo tukihema kama mbwa. Karani akatupandisha. Akauma kalamu.

"Redio. Umeenda Moi's Bridge na kurudi, na umekuja na kilo zako zote?"

"Mimi sitoi jasho sana, Karani."

"Na Juma pia?"

Juma akaangalia viatu. Mimi bado nilikuwa na maneno, nilikuwa nishaanza kueleza vile watu wa damu fulani hawatoi jasho, lakini Karani ashafungua lango. "Rudini."

"Sawa, tumekosa, tunarudi."

"Wote wanne."

Kiprop akaruka. "Si mimi nimekimbia? Angalia hiyo shati."

"Gunia moja," Karani akasema, na hakumaliza, kwa sababu sisi wote tulijua mwisho wake. Tulirudi wote wanne. Kiprop hakuniongelesha mpaka daraja. Karani alikuja nyuma yetu na baiskeli, akiisukuma kwa kila kilima, koti limefungwa kwa kiti.

Mtu kama huyo unaweza kusema ni jiwe. Lakini Ramadhani ilipofika Juma alikuwa amefunga, na Karani, mtu wa kanisa la Jumapili asubuhi, akahamisha mbio zetu zikawa za jioni, tufike wakati adhana inaingia. Na akatuambia sisi wengine tusiguse maji njiani. "Mmoja akifunga, mmefunga." Nililalamika huo mwezi mzima. Siku ya kwanza tulipofika, alikuwa amepanga vikombe vinne kwa mizani, na tende kwa karatasi. Tende. Sijui alizitoa wapi, na sukari ya chai yake mwenyewe alikuwa anatia vijiko sita na kusema maisha ni magumu.

Alikuwa hivyo. Chaki alikuwa anaitumia mpaka inakuwa kama ukucha, anaishika na ncha mbili za vidole, hataki kuchukua ingine. Lakini viatu vya Wafula vilipopasuka alileta raba mpya na kusema amezipata kwa gunia. Kupimwa, yeye hakupimwa. Nilimwambia siku moja, "Karani, panda basi na wewe." Akasema, "Mizani haijipimi."

Niliiamini ile mlango. Nataka uelewe hapo. Mimi siamini watu haraka, lakini yenye Karani aliandika na chaki nilikuwa naweza kuapia.

Sasa siku yenyewe.

Tulitoka Kiminini asubuhi na baridi, watu labda mia. Kiprop angeweza kwenda mbele akatuacha, lakini Karani alikuwa ametuambia usiku wa kuamkia hiyo siku, "Mkitoka wanne, mfike wanne," kwa hivyo alishikilia miguu yake kama mtu ameshika ng'ombe kwa pembe. Tulikuwa tunaongea. Mimi nilikuwa naongea. Kamukuywa tulipita vizuri, watoto wanatukimbilia, wamama wanatupatia maji na vikopo.

Baada ya hapo Wafula akaanza kukohoa.

"Ni vumbi," akasema.

Vumbi ilikuwa, lakini ilikuwa yetu sote. Misikhu tulipunguza mwendo. Watu wakaanza kutupita, mpaka mzee mmoja wa gambuti, vile viatu vya mpira vya matope. Gambuti, fikiria, huyo alitupita na gambuti. Nilikasirika. Nikamwambia Wafula, "Wewe, ulikula nini? Songa." Hiyo maneno nayo hainitoki kwa kichwa. Songa. Akasonga.

Tuliona paa za shule ya Matulo. Tuliona watu kwa ua. Na hapo, karibu na geti, Wafula akapiga magoti, kwa taratibu, kama mtu anataka kuomba. Akakohoa kwa mkono, akaufuta kwa majani, lakini niliona nyekundu.

"Niinueni," akasema. "Niingie na miguu."

Sisi kazi yetu ni kuinua. Gunia la kilo tisini wawili wanalishika pembe, moja, mbili, hop, liko kwa bega. Nilimshika upande mmoja, Kiprop upande mwingine, tukahesabu. Na nikarudi nyuma hatua mbili nusura nianguke, kwa sababu nilikuwa nimejitayarisha kwa uzito wenye haukuwepo.

Bega langu halidanganyi. Limebeba magunia miaka mitatu, linajua likipungua kilo mbili. Nyuma ya mlango imeandikwa sitini na sita, hata Jumamosi yenye ilikuwa imepita. Huyu mtu nilikuwa nimeinua alikuwa hamsini na kidogo.

Aliingia na miguu. Tulimshika makwapa, lakini miguu ilikuwa inagusa chini, na alikuwa anaisogeza mwenyewe, na mama yake alikuja akikimbia na leso mkononi na vigelegele, halafu akamwona vizuri akanyamaza. Kwa geti kulikuwa na pikapu ya miwa, dereva amekaa ndani hata hashuki kuangalia mbio. Alifungua mlango akasema mlete, akampeleka hospitali. Nilifikiri ni bahati.

Jumatatu nilienda depo.

"Karani. Wafula ni kilo ngapi?"

"Iko kwa mlango."

"Mlango nimesoma. Nauliza wewe."

Akaangalia foleni ya lori. "Redio, toka kwa mizani. Kuna watu."

"Ulijua. Ulikuwa unamwona akiisha kila Jumamosi na ukaandika uwongo, ukamwacha akimbie. Mahindi ya mtu unarudisha juu ya punje moja, na huyu ukaachilia. Wewe ni muuaji."

Makuli wote wamesimama. Madereva wameshuka. Karani akavua ile kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena.

"Umemaliza?"

Nilivua shati langu nikafuta ile mlango yote, majina yetu, namba, miezi yetu yote, chaki ikanijaa kwa macho, nikatoka kwa lango na sikurudi hata kuchukua mshahara. Juma alinikimbilia mpaka kwa barabara. "Redio, ungemwacha aongee." Nikamwambia aende akanywe uji.

Wafula hakufa. Ilikuwa ni kifua kikuu. Alidungwa sindano miezi mingi, akameza dawa, akarudi Matulo, akaoa, akalima. Mimi nikapata kazi Bungoma, kwa duka la mbolea. Na kila nikienda kumwona tunakaa, na kila nikikaa lazima nimtaje yule mzee. Nimtukane kidogo. Ilikuwa kama chumvi ya mazungumzo. Wafula alikuwa anasikiliza tu.

Mpaka msimu wenye umepita. Tulikuwa nje kwake tunapukuchua mahindi, ungo katikati yetu, na mimi nimeanza tena, ati siku nikisikia Karani amelala kitandani hajiwezi nitaenda kumsomea kilo zake kwa sauti.

"Redio," Wafula akasema. "Wacha."

"Niwache nini?"

"Ni mimi nilimwambia aandike hivyo."

Nikaendelea kupukuchua. Mikono haikuwa imesikia bado.

Akasema siku moja alingoja sisi tuende kwa mfereji kuoga, akamwambia, "Kalani, andika ile ya zamani." Wafula hakuwahi kumwita Karani, kwa ulimi wa kwao alimwita Kalani. Mzee akakataa, akamwambia aende hospitali. Jumamosi ya pili akakataa tena. Ya tatu Wafula akamwambia, ukisoma hii namba hawa watatu hawatakimbia, lori yote inarudi, na mimi mjini nitakuwa nimekufa kabla sijakufa. Si unakumbuka hiyo miaka. Mtu akikonda kidogo tu watu wanampatia jina la ugonjwa, wanamfichia kikombe. Karani alimwapisha kwamba akishaonekana na mama yake, siku hiyo hiyo anaenda hospitali.

"Ile pikapu ya miwa," Wafula akasema, "ulifikiri ilikuwa ya nani?"

"Miaka saba," nikasema. "Miaka saba umenisikia nikimtukana huyo mzee, na umenyamaza?"

"Aliniambia nisiseme mpaka nitake mwenyewe. Halafu," akaangalia chini, "wewe ulikuwa umezoea kukasirika naye. Niliogopa ukikosa yeye utakuja kwangu."

Nilipiga ungo teke. Mahindi yakaenda mpaka kwa kuku. Nikamwambia yeye na mimi basi, nikatoka, na sikusikia kama aliniita.

Karani alikuwa amerudi kwao Kabuchai, kwa shamba lake la miwa na mahindi. Nilifika kesho yake asubuhi. Bibi yake alikuwa kwa mlango, nikajikuta nauliza vile vile, "Karani ako?"

Alikuwa nyuma, kwa stoo. Amezeeka, tumbo limeisha, kofia ni ile ile. Na mbele ya stoo, wewe, ilikuwa ile mizani. Depo ilipoleta mpya aliomba hii. Majirani wanakuja kupimia mahindi hapo kabla ya kupeleka sokoni, wasidanganywe.

"Karani, nilikukosea."

"Lini?"

"Ile Jumatatu."

Akafikiria. "Lori zilikuwa nane."

Nilikuwa nimepanga maneno njia yote, yote nikayaacha. Basi nikavua viatu nikapanda mizani, nikasimama kama gunia. Nikangoja asukume kale ka chuma.

Hakuigusa.

"Shuka," akasema. "Wafula ako wapi?"

"Nimemwacha Matulo. Tumekosana."

"Amefanya nini?"

"Alidanganya."

"Na mimi?"

Kulikuwa na kuku inadonoa karibu na mguu wa mizani, tukaiangalia sisi wawili.

"Kila siku nilikuwa nasikia hiyo namba kwa kichwa," akasema. "Yenye sikuandika. Angekufa njiani, jina lenye uliniita lingekuwa langu. Kwa hivyo usije kunipatia pole kama mtu mmoja. Sipimi gunia moja, Redio. Lori ikija, ije yote."

Nilifika Matulo jioni, matope mpaka magoti, kwa sababu kutoka barabara kubwa nilikuwa nimeanza kukimbia na sijui kwa nini. Wafula alikuwa amechuchumaa uani. Mvua ilikuwa imenyesha, na alikuwa bado anaokota zile mahindi zangu, punje kwa punje, kabla zichipuke. Nikachuchumaa upande ule mwingine.

"Umetoka wapi?"

"Kabuchai. Anataka wanne."

Akaokota ingine tatu. "Kiprop ameweka tumbo," akasema. "Hiyo mizani itavunjika."

Jumamosi tulikuwa hapo wote. Kiprop kweli ameweka tumbo, Juma amekuja na tende kwa karatasi. Karani alikuwa amefuta mlango wa stoo na kitambaa cha maji. Alimpima Juma, akasoma. Akampima Kiprop, akasoma, na bibi yake akacheka huko jikoni. Akanipima mimi. Sabini na tisa, na mdomo juu.

Wafula alipanda wa mwisho, kama zamani. Akasimama. Karani akasukuma chuma pole pole, kikapita mahali, akakirudisha kidogo, kikatulia. Hakusoma. Alimwangalia Wafula kwanza, kale ka chaki kama ukucha kameshikwa na vidole viwili.

"Soma, Kalani."

"Sabini na moja," akasema kwa sauti, mpaka majirani wakasikia.

"Andika hiyo hiyo."